Rufaa na Funda la Maji

Watu wa kwetu walikuwa wakinitania kwamba nilizaliwa nimekunja ngumi, na mkunga alipojaribu kuikunjua nikamng'ata ingawa sikuwa na meno. Si kweli, ila nimechoka kukanusha. Hasira ninayo. Ninayo hata leo na mvi hizi, muulize yeyote aliyejaribu kuniuzia kabichi iliyooza kwa chini. Lakini siwezi kusimulia habari ya rufaa yangu bila kuanza na hasira, kwa sababu hiyo ndiyo iliyoninyima cheo, na mambo niliyoyaona kwa ajili yake bado yananishangaza.

Ilikuwa miaka ya sabini. Nilikuwa nesi katika kituo cha afya huko milimani, juu ya Wundanyi, mahali ambapo ukungu huingia ndani asubuhi bila hodi na hutoka ukipenda wenyewe. Nyumbani kwetu ni Werugha. Baba alikuwa na ng'ombe wa maziwa, matuta ya mboga, na kiti cha mbele kanisani, kwa kuwa alikuwa mzee wa kanisa. Kituo chetu kilikuwa na wadi ndogo ya kina mama, chumba cha dawa, na chumba cha kushonea majeraha ambacho aliyekijenga alisahau kukiwekea dirisha. Umeme haukuwa umetufikia. Mwanga wote wa chumba kile uliingia kwa mlango.

Kazi ile niliipenda mpaka nikawa naona haya kusema. Mtoto akishatoka, kuna kitambo kidogo kabla hajavuta pumzi ya kwanza, ambapo hakuna mtu chumbani anayethubutu kusema neno. Mama anangoja, mimi nangoja na kitambaa mkononi, na kile kitoto kinalala pale kama kinaamua. Kisha kinalia. Nimezalisha watoto wengi sana na sikuwahi kuzoea kile kitambo. Wenzangu wakimaliza walikuwa wanakwenda kunywa chai. Mimi nilikuwa natoka nje kwanza, nasimama kwenye nyasi zenye umande, namshukuru Mungu kwa kunishtua tena.

Sasa sikilizeni kisa chenyewe. Siku moja aliletwa mtoto aliyeanguka kutoka tuta la juu hadi la chini, kichwa kikaangukia jembe. Ngozi ilikuwa imefunuka. Nikamlaza, mama yake akamshika, nikaanza kushona. Katikati ya kazi, chumba kikaingia giza. Nikajua mtu amesimama mlangoni. Nikasema bila kugeuka, "Toka hapo, unaniziba."

Hakutoka. Sauti nzito ikauliza, "Unajua unaongea na nani?"

Nikageuka, sindano mkononi. Alikuwa daktari wa wilaya, mtu wa bara, mrefu, suti yake ya kijivu imepigwa pasi vizuri, amekuja kutukagua bila taarifa. Nyuma yake kulikuwa na foleni nzima ya wagonjwa. Nikamwambia, "Naongea na mtu anayeziba mwanga. Kama ni daktari, ingia unisaidie. Kama ni mgeni, ngoja nje."

Foleni ikacheka. Kulikuwa na bibi mmoja pale ambaye alicheka mpaka akashika ukuta. Daktari akasogea kando, mwanga ukarudi, nikamaliza kushona. Alipoondoka hakuniaga, na mimi sikujali, kwa sababu kile kichwa kilikuwa kimefungika vizuri.

Mwaka uliofuata inchaji wetu akastaafu. Inchaji ndiye msimamizi wa kituo: ndiye anayeamua nani anafanya nini, ndiye anayeagiza dawa, ndiye anayeulizwa mtu akifa. Kila mtu alijua ni zamu yangu. Nilikuwa nimekaa pale kuliko wote, na inchaji alipokuwa likizo mimi ndiye niliyeshika nafasi yake. Wanawake walianza kuniita "sista mkuu" kabla ya wakati, nami nikiwakemea huku moyoni naona raha. Nilikuwa na mipango yangu. Dirisha la chumba kile lilikuwa la kwanza.

Daktari wa wilaya akaja, akatukusanya, akatangaza jina la mwenzangu wa kiume. Alikuwa kijana mwenye adabu, na mimi ndiye niliyemfundisha kushika uzi na sindano. Alipolisikia jina lake alinitazama mimi kabla ya kumtazama daktari, maskini, kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa mwenzake.

Nilimfuata daktari ofisini. Nikamwuliza kosa langu. Akavua miwani, akaifuta, akasema taratibu, "Kazi yako haina kasoro. Lakini una hasira, wewe msichana. Kituo hakiongozwi kwa hasira."

Msichana! Nilikuwa nimezeeka kiasi cha kuwa na viatu vya kazini vilivyokwisha kutiwa soli mpya mara kadhaa. Nilitoka na kuupiga ule mlango hadi bawaba ya juu ikang'oka. Nikasikia nyuma yangu akisema, kwa upole kabisa, "Mnaona?"

Serikali ilimruhusu mtumishi kukata rufaa. Wengi hawakuthubutu, maana waliamini ukikata rufaa utahamishiwa pahali ambapo hata simba hawakai. Mimi niliandika siku ile ile. Niliandika kwa kalamu iliyotoboa karatasi, nikararua, nikaandika tena. Watu wa nyumbani wakaniimbia ule wimbo wao, hasira hasara, hasira hasara. Nikawaambia kwamba hasara ilikwisha kuja, hasira imefika tu kuizika.

Baba alingoja mpaka nilipomaliza kufunga bahasha. Alikuwa nje anasafisha kwato za ng'ombe. Akaniita.

"Utaipeleka?"

"Nitaipeleka, baba."

"Ipeleke. Haki ni yako. Lakini tema kwanza."

Hapa lazima niwaeleze wasio wa kwetu. Sisi Wadawida tuna jambo linaloitwa kutasa. Mtu aliye na uchungu moyoni na mwenzake huchukua kinywaji mdomoni, hukitema kwa kukinyunyiza hewani, na husema kwa sauti kile kilichomuuma na kwamba sasa anakiacha, kisha humwombea heri yule aliyemkosea. Wazee wa zamani walitumia pombe ya miwa. Baba, kwa cheo chake cha kanisani, alitumia maji ya baridi, na mchungaji alipomgusia alijibu kwamba maji hayana dini.

Hatukufanya hivyo kwa adabu tu. Watu wetu waliamini kwamba hasira iliyofungiwa moyoni haikai mle. Hutoka yenyewe, ikaenda ikamgusa mtu. Mtoto akashikwa na homa, ng'ombe akakauka maziwa, mtu mzima akajikwaa mahali palipo tambarare. Na wewe mwenye hasira hukukusudia. Ukiwa mchawi unakusudia, lakini mwenye hasira anaweza kuwa mtu mwema kabisa amelala na Biblia yake kifuani, na moyo wake uko njiani unafanya mambo. Nikiwa mtoto nilimwona baba alfajiri, amesimama penye mlango wa zizi, mashavu yamejaa, kisha yale maji yakatoka yakawa kama moshi kwenye ule mwanga wa kwanza, naye akilitaja jina la ndugu yake waliyegombania naye mpaka wa shamba. Alimtakia ndugu yake watoto na mvua. Nilijificha nyuma ya majani ya ng'ombe, naogopa kupumua. Sijawahi kumwona askofu aliyenitia uchaji kama ule.

Lakini sasa nilikuwa mtu mzima, mwenye kepi nyeupe kichwani na masomo ya vijidudu. Nikamwambia, "Baba, nikitema nitakuwa nimesamehe. Nikisamehe, rufaa ni ya nini? Hii hasira ndiyo mafuta ya gari langu."

Akacheka kidogo. "Hasira ni hasira na haki ni haki. Usizibebe kwenye kikapu kimoja, moja itaiozesha nyingine."

"Sitatema kwa ajili ya mtu aliyeniita msichana."

"Haya," akasema, akaushika tena mguu wa ng'ombe. Baba hakuwa mtu wa kukuomba jambo mara mbili.

Miezi ikapita. Nikajibiwa kwamba rufaa imepokelewa, bodi itakaa Voi, ningoje niitwe. Nikangoja, na wakati nangoja nikawa najua kumchukia mtu maana yake nini. Nilimjibu daktari nikiwa nasugua ndoo. Nilimjibu nikiwa nachota maji. Nilikuwa na majibu mazuri sana, na kila siku niliyaongeza.

Kisha mvua za masika zikaja, na barabara yetu mnaijua, ile inayopanda kutoka chini ikijikunja na kujikunja, upande mmoja mwamba na upande mmoja hakuna kitu. Mchana mmoja nikasikia kelele nje. Wanaume walikuwa wanakimbia na machela waliyoitengeneza kwa blanketi na miti miwili, na juu yake mtu mrefu aliyelowa tope. Landrova ilikuwa imeteleza ikagonga mwamba. Dereva alikuwa amepasuka mdomo tu. Aliyebebwa alikuwa daktari wa wilaya, na mguu wake wa kushoto ulikuwa umeelekea upande ambao mguu hauelekei.

Inchaji mpya alikuwa ameshuka Voi kuchukua dawa. Hakukuwa na mtu mwingine. Daktari alifungua macho, akaniona, na nilimwona akiogopa. Hata leo ninaukumbuka uso ule. Alikuwa hana miwani, hana suti tena, amekuwa mtu tu.

Nikamwambia kile ninachomwambia kila mtu, "Pole baba, vumilia. Nitakuumiza kidogo, halafu utaona nafuu." Nikampiga sindano ya maumivu. Nikakata suruali. Nikamwambia dereva amshike mabega, nikaunyosha ule mguu taratibu, nikaufunga banzi za mbao na bendeji kutoka juu ya goti hadi kwenye unyayo. Alilia mara moja. Nikampangusa uso, kwa maana kila mtu anayelia mezani pangu hupanguswa uso. Tukamfunika, gari la kijiji likampeleka hospitali ya chini.

Walipoondoka nilikuwa nanawa mikono, na mama anayefanya usafi akaja akasimama karibu nami. Alikuwa mama wa makamo, asiye na umbea. Hakunitazama usoni. Alinitazama kifua.

"Moyo wako umemfikia," akasema.

Nikamcheka. Nikamwambia ni tope lililomfikia, na tairi zilizokwisha meno. Akaitikia, "Ndiyo sista," akachukua ndoo yake, lakini aliondoka akinipisha mbali, na huyo ni mtu tuliyekuwa tukila naye sahani moja. Nikabaki naitazama mikono yangu ndani ya beseni.

Nilipofika nyumbani, baba alikuwa amekwisha kusikia, kwa kuwa habari milimani hazingoji gari. Hakunilaumu. Alinikaribisha chai. Laiti angenigombeza ningemjibu na yangekwisha. Kile kimya chake ndicho kilichonikaa, na ninakiri kwamba niliogopa. Mimi niliyesoma vijidudu, nilikaa na kikombe changu nikijiuliza kama kweli kuna kitu ndani yangu kinachoweza kutoka kikateremka mlima kikautafuta mguu wa mtu. Nikawaza, kama kipo, basi ni kikubwa kuliko cheo chochote.

Hata hivyo sikutema. Kiburi nacho ni mtu, anataka chakula chake.

Siku ya bodi nilishuka Voi. Baba alinisindikiza hadi njiani na kunishika mkono. "Utakuwa naye ana kwa ana," akasema. "Wengi hutema kwa mbali." Nikajifanya nimeshughulika na mkoba.

Voi ilinipokea na joto lake. Ukishuka kutoka kwetu unahisi mtu amekufunika blanketi usiyoihitaji. Vumbi jekundu lilikuwa limekaa kwenye kila kitu, hata kwenye majani ya miti ya ofisi. Chumba cha bodi kilikuwa ghorofani, madirisha wazi, na kila treni ilipopita watu walilazimika kunyamaza mpaka imalize. Mezani kulikuwa na watu watatu. Mwenyekiti alikuwa mzee wa Pwani, kofia nyeupe, ndevu fupi, Kiswahili chake cha taratibu ambacho kilinifanya niogope kufungua mdomo wangu wa milimani. Kwenye kona alikaa karani, mtu wa kwetu, aliyeleta jagi la maji na bilauri. Daktari aliketi mkabala nami, mguu umenyooshwa mbele ndani ya plasta, fimbo mapajani.

Nilisema yangu. Niliyasema yote, miaka yangu, watoto, usimamizi wa muda, na nilipofika kwenye neno msichana sauti ikanipanda, mwenyewe nikaisikia. Daktari akapewa nafasi. Alisema kwa ufupi. "Ni nesi mzuri kuliko wote nilionao. Lakini alinifokea mbele ya wagonjwa, na nilipomweleza uamuzi alivunja mlango. Bodi imemsikia leo."

Mwenyekiti akanigeukia. "Mwanangu, nikuulize jambo moja, nawe unijibu kwa ukweli wako. Hivi sasa tulivyokaa hapa, una hasira na daktari?"

Wale wajumbe wawili wakainua kalamu zao. Nikaona mtego ulipo, ingawa sidhani mzee yule aliutega. Nikisema ninayo, daktari amesema kweli. Nikisema sina, mimi ni mwongo, na kila mtu mle ndani anaona. Kazi yangu yote ilikuwa imening'inia kwenye jibu hilo. Majibu mazuri niliyoyatunga nikisugua ndoo hayakuja hata moja. Nilimtazama daktari, nikauona ule mguu.

"Ninayo, mzee," nikasema. "Ninayo nyingi."

Wakaandika. Daktari akainamisha kichwa, wala hakuonekana kufurahi.

Nikasema, "Naomba maji."

Karani akanimiminia. Walidhani nina kiu, hata mimi nadhani nilidhani nina kiu. Nikatia funda kinywani, na lilipokuwa kinywani nikajikuta siwezi kulimeza. Nikasimama. Nikaenda dirishani. Nikalitema nje, kwa kunyunyiza, kama nilivyomwona baba akifanya, na yale maji yakapeperuka juu ya lile vumbi jekundu. Nyuma yangu kiti kikasukumwa. Karani wetu alikuwa amesimama wima, mikono pamoja, kama watu wasimamavyo kanisani.

Nikamgeukia daktari. "Uliponiita msichana uliniuma," nikasema. "Uliponinyima kituo uliniuma zaidi. Nimekukasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu. Kama moyo wangu umekushika mahali popote, sasa umekuachia. Mguu wako upone. Watoto wako wakue wakuzike ukiwa mzee." Karani akaitikia kwa Kidawida, kwa sauti ya chini.

Mmoja wa wajumbe alikuwa ameshika kalamu yake hewani. Na mimi nilikuwa nimesimama pale na sauti ambayo sikuijua, tulivu, imetoka kwangu.

Mwenyekiti akakohoa. "Mwanangu, kama nimefahamu, umemsamehe daktari."

"Ndiyo, mzee."

"Basi tuandike kwamba umeiondoa rufaa?"

"La, mzee. Hasira nimeitema. Kazi bado naidai."

Mzee akanitazama muda mrefu. Midomo yake ilitaka kucheka akaizuia. Akasema, "Daktari, una la kuongeza?"

Daktari alinyosha mkono akalivuta jagi, akamimina maji kwenye ile ile bilauri niliyoiacha, akatia kinywani. Akakaa nayo. Mashavu yamejaa, macho yananitazama, mtu mkubwa wa wilaya nzima, na sisi sote tumeinama mbele tukingoja. Sijui kama aliona haya mbele ya wakubwa, au hakujua maji yaelekezwe wapi na mguu haukumruhusu kufika dirishani. Akameza. Tulisikia yakishuka.

Karani akafumba macho kwa uchungu. Nami pia nilisikitika, kwa sababu kwa desturi yetu sikujua kama kuna kitu kibaya zaidi mtu anachoweza kufanya na maji hayo.

Lakini baada ya kumeza akasema. "Mwenyekiti, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Siku nilipovunjika mguu huu nililetwa kwake. Alikuwa amekwisha kunishtaki kwenu. Mimi nilijua, na yeye alijua kwamba najua. Nilipoona ni yeye nilidhani nimekwisha. Akaniita baba. Akaufunga mguu, na hospitali waliniambia hakukuwa na cha kurekebisha. Alinipangusa uso." Akaipapasa ile plasta. "Niliandika kwamba mtu huyu ataongoza kwa hasira. Mikononi mwake sikuiona. Ile hasira ninayoikumbuka vizuri ni yangu mimi, ya kuchekwa na foleni."

Habari ya mguu mimi sikuitaja katika maneno yangu yote. Kwetu humhesabii mgonjwa ulichomfanyia. Sikutegemea kwamba yeye ndiye angeitaja, na nilimtazama kama ndiyo mara ya kwanza kumwona.

Tukaambiwa tutoke. Nje kulikuwa na benchi moja tu, tukakaa wote wawili, tukitazama yadi ya ofisi na mbuzi waliokuwa wakitafuna gunia. Akauliza, bila kunitazama, "Nikiwa nimemeza, inakuwaje?"

"Sijui, daktari," nikasema. "Sijawahi kuona mtu akimeza."

Akacheka. Nami nikacheka, na nilijishangaa, maana nilikuwa nimekula kiapo kwamba meno yangu hatayaona.

Walipotuita, mwenyekiti alikuwa ameondoa kofia anajipepea nayo. "Barua itafuata kwa njia yake," akasema. "Lakini sipendi kumwacha mtu roho juu. Kituo utakisimamia wewe, mwanangu. Yule kijana hana kosa, atatafutiwa mahali pengine. Na kama umebakiza hasira kidogo, iweke akiba kwa wale wanaochelewesha dawa zetu."

Niliwashukuru. Sikumbuki nilisema nini. Nilijua tu kwamba nimesikilizwa.

Ngazi za jengo lile zilikuwa nyembamba na hazikuwa na cha kushikia upande mmoja. Daktari alisimama juu, akazitazama, akaitazama fimbo yake. Kisha akasema, "Sista, naomba bega lako."

Nikampa. Tulishuka polepole, ngazi moja, tunapumzika, ngazi nyingine, uzito wake wote juu yangu. Na nikiwa katikati nikajipekua moyoni, kwa mazoea tu, kuitafuta ile hasira niliyoamka nayo na kulala nayo miezi yote ile. Haikuwepo. Niliitafuta kwa bidii, nikalikumbuka neno msichana makusudi, nikaukumbuka mlango. Hakuna kilichoamka. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeitoa kwa funda la maji mbele ya watu, na ilikuwa imetoka kweli. Nilishikwa na hofu hadi nikamwomba daktari tusimame kidogo, nikamdanganya kwamba nimechoka.

Nilifika Werugha jua likielekea kuzama, ukungu umeanza kushuka kwenye matuta. Baba alikuwa amekaa kwenye ukingo wa shamba la kabichi, na kwa jinsi alivyokaa nilijua amekaa hapo tangu mchana. Nilidhani ataniuliza habari ya cheo. Kila mtu niliyekutana naye njiani alikuwa ameniuliza cheo.

"Anatembea?" baba akauliza.

"Anatembea, baba. Ameshuka ngazi ameegemea bega langu."

Akaniuliza bega lipi. Nikamwonyesha. Akaweka mkono wake juu ya bega lile, mzee wa kanisa mzima, na machozi yakamtoka wala asiyafute. Habari ya cheo nilimpa baadaye, tukiwa tunakula.